Jedwali, kipaumbele au muda wa mwisho: upange vipi kazi za kidhibiti cha pampu ya kisima

Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya Shela. Mvua huzama kwenye matuta ya mchanga, maji matamu yakakaa juu ya yale ya chumvi, na anayevuta kwa pupa huyapandisha ya chumvi mpaka kisima kikaharibika. Kwa hiyo anayefunga pampu ya sola upande huu hafungi mota na bomba tu. Anafunga na kidhibiti: kompyuta ndogo inayosoma umeme wa mota, inayorekebisha mwendo wa pampu jua linapopanda na kushuka, na inayopima kina na chumvi ya maji. Kompyuta hiyohiyo inatakiwa ipokee ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi aliyeko mjini, iandike kumbukumbu, na ionyeshe tarakimu kwenye kioo.

Prosesa ni moja. Kazi za kundi la kwanza huja kwa majira maalumu, na zikichelewa kuna kitu kitaungua au kuharibika. Za kundi la pili huja wakati wowote, na zikisubiri kidogo hakuna atakayelalamika. Vijana wanaoanza kuandika programu za vidhibiti huniuliza mchanganyiko huu upangwe vipi, na wengi wao wameshaamua kabla ya kuuliza, kwa sababu mfumo endeshi walioupakua ulikuja na njia yake. Njia kubwa ni tatu: jedwali lililopangwa mapema, kipaumbele kisichobadilika, na muda wa mwisho ulio karibu zaidi. Nitazipima zote kwa kisima kimoja cha mfano. Upande wangu niuseme sasa hivi: kwa kazi kama hii nachagua jedwali, wala si kwa sababu ya kasi.

Kisima cha mfano

Tuseme kazi za lazima ni tatu. "Mota" husoma umeme wa mota ili pampu isizunguke kavu: kila milisekunde 10, na huchukua milisekunde 2. "Mwendo" hupiga hesabu ya kasi ya pampu kulingana na nguvu ya sola: kila milisekunde 20, huchukua 5. "Kisima" husoma kina na chumvi na kuchuja kelele za vihisi: kila milisekunde 40, huchukua 8. Kila kazi inatakiwa iwe imekwisha kabla ya zamu yake nyingine kuanza.

Hizo 2, 5 na 8 ndizo muda mrefu kabisa ambao kazi inaweza kuchukua. Wastani haufai hapa hata kidogo. Kazi inayochukua milisekunde 3 mara nyingi na 8 mara chache ni kazi ya 8, basi.

Mota inakula asilimia 20 ya prosesa, Mwendo 25, Kisima 20. Jumla ni 65. Katika kila milisekunde 40, 26 zina wenyewe na 14 ziko wazi. Ujumbe wa simu, kumbukumbu na kioo vigawane hizo 14.

Sasa tulete ujumbe mmoja. Unafika kwenye milisekunde ya 11, na kuushughulikia kunahitaji milisekunde 6.

Jedwali lililopangwa mapema

Hapa hesabu yote hufanyika mezani, kabla pampu haijawashwa. Vipindi vya 10, 20 na 40 vinakutana kila milisekunde 40, kwa hiyo unapanga 40 tu, na zikiisha jedwali linaanza upya.

| Kipande | Kazi kwa mpangilio | Muda uliobaki wazi |
|---|---|---|
| 0–10 | Mota 2, Mwendo 5 | 3 |
| 10–20 | Mota 2, Kisima 8 | 0 |
| 20–30 | Mota 2, Mwendo 5 | 3 |
| 30–40 | Mota 2 | 8 |

Kisima kingeweza kukaa kipande cha nne. Nimekiweka cha pili ili kipimo cha chumvi kiwe tayari Mwendo unapopiga hesabu yake kwenye cha tatu. Tazama jinsi utaratibu huo wa "hiki kabla ya kile" ulivyopatikana bila kuandika hata mstari mmoja wa programu: umo ndani ya jedwali lenyewe. Faida nyingine ni kwamba kazi hizi tatu hazikatizani kamwe. Kipimo cha chumvi hakiwezi kusomwa kikiwa kimeandikwa nusu, kwa sababu anayeandika na anayesoma hawana saa moja. Kufuli za kulinda data baina yao hazihitajiki.

Ujumbe wetu wa milisekunde ya 11 unapata nini? Kipande cha pili kimejaa. Unasubiri mpaka 27, unapata milisekunde 3, unakatwa, unapata nyingine 3 kuanzia 32, unaisha kwenye 35. Umengoja milisekunde 24 kwa kazi ya 6.

Hapo ndipo wengi hulitupa jedwali na kusema ni gumu kama jiwe. Lakini miaka ya 1990 mtafiti Gerhard Fohler alionyesha njia ya kulilegeza bila kulivunja, nami naiita kuhamisha nafasi. Kisima kimepangiwa 12 hadi 20, ila muda wake wa mwisho ni 40. Nani amesema lazima kiende sasa? Ukihesabu mapema, kabla ya kuwasha mashine, ni kiasi gani cha muda wa ziada kilichopo kabla ya kila muda wa mwisho, basi mashine ikiwa inaenda inaweza kukopa. Kwenye milisekunde ya 11, Mwendo wa kwanza umeshamalizika, Mota imebakisha 1, na kabla ya 20 kuna milisekunde 8 za ziada. Ujumbe wa 6 unaingia. Unaenda 12 hadi 18, Kisima kinapata 2 mpaka 20, kinapata 3 nyingine baada ya Mwendo kwenye 27, na 3 za mwisho kuanzia 32. Kimekwisha kwenye 35, kikiwa bado na milisekunde 5 mkononi. Ujumbe nao umengoja milisekunde 7 badala ya 24.

Kinachonivutia zaidi katika njia hii ni kwamba ujumbe wa dharura ukija na muda wake wa mwisho, mashine inaweza kujibu palepale "naweza" au "siwezi", na ikisema inaweza, itatimiza. Gharama yake ni kwamba Kisima sasa kinakatizwa na kinamalizika baada ya Mwendo wa pili, kwa hiyo ule utaratibu wa "hiki kabla ya kile" umevunjika na ile amani ya kukosa kufuli imepungua. Pia hutaikuta imefungwa tayari ndani ya mifumo endeshi ya kawaida, uiandike mwenyewe.

Jedwali lina maudhi yake, na siyafichi. Kubwa ni kazi ndefu. Kama uchujaji wa chumvi ungechukua milisekunde 18, ungelazimika kuukata kwa mkono vipande vitatu au vinne, kila kimoja kihifadhi kilipofikia, na programu iliyokuwa safi inageuka viraka. Pili ni vipindi visivyogawanyika. Vipindi vya 7, 11 na 13 hukutana kila milisekunde 1001, na jedwali lake hakuna anayelipanga kwa penseli. Hata kwa kompyuta, kuzipakia kazi zisizokatizwa ndani ya jedwali ni tatizo lisilo na njia ya haraka inayojulikana kwa kila hali. Dawa ya kawaida ni kuvifupisha vipindi mpaka vigawanyike: cha 13 kikawa 10, prosesa ikafanya kazi zaidi ya inavyohitajika.

Kipaumbele kisichobadilika

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye FreeRTOS, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo, na kwenye mifumo mingi midogo. Kila kazi ina cheo, na yenye cheo kikubwa ikija huikatiza iliyopo. Mwaka 1973 watafiti Liu na Layland walitoa kanuni ya kugawa vyeo: mwenye kipindi kifupi apewe cheo cha juu. Walitoa na kipimo rahisi cha usalama. Kazi mbili zina hakika ya kutimiza muda wao zikitumia mpaka asilimia 82.8 ya prosesa, tatu mpaka 78.0, na kadiri kazi zinavyoongezeka mpaka unashuka kuelekea 69.3. Sisi tuna 65, kwa hiyo tumepita bila hesabu zaidi. Vipindi vikigawanyana vizuri kama vyetu, unaweza kufika hata 100.

Ujumbe ukipewa cheo cha chini kabisa utaisha kwenye milisekunde ya 30. Ukitaka uende haraka unauundia seva, yaani kazi yenye posho yake. Sprunt, Sha na Lehoczky walieleza seva ya aina hii mwaka 1989: ina kiasi chake cha muda, ikikitumia hurudishiwa baada ya kipindi, na katika hesabu huchukuliwa kama kazi ya kawaida. Tuipe milisekunde 6 kila 20. Hiyo ni asilimia 30, jumla imekuwa 95, na ujumbe wetu unaisha kwenye 18. Sawasawa na kuhamisha nafasi.

Uzuri wa njia hii ni urahisi wa kuongeza. Kazi mpya unaiandika, unaipa cheo, unapiga hesabu, umemaliza. Kazi ndefu huikati kwa mkono. Mfumo unaikata wenyewe. Ukiwa na kikundi cha waandishi wa programu, kila mmoja na sehemu yake, urahisi huo ni mali.

Lakini kazi zikikatizana, kufuli zinarudi, na kufuli zina historia. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na baadaye kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, kazi kubwa ya mfumo wa kusafirisha data ikawa inaisubiri, na kazi za cheo cha kati zikaipita ile ndogo na kuizuia isiachie. Mkubwa akakwama nyuma ya wa kati. Mlinzi wa muda akaona kazi kubwa haijamaliza, akawasha upya mfumo mzima. Mafundi waliponya kutoka duniani kwa kuwasha urithi wa cheo: mwenye kufuli hupandishwa kwa muda mpaka cheo cha anayemsubiri. Ukichagua njia hii, kagua kwamba aina ya kufuli unayotumia ina urithi huo. Kwenye FreeRTOS mutexi inao, semafo ya ndiyo-hapana haina, na kwa macho mbili hizo zinafanana.

Muda wa mwisho ulio karibu zaidi

Vyeo havipo. Kila mara anaenda yule ambaye muda wake wa mwisho uko karibu. Kwa prosesa moja hakuna njia inayoishinda: kama muda wa mwisho wa kila kazi ni mwisho wa kipindi chake, unaweza kutumia prosesa asilimia 100 bila kuchelewa. Ujumbe nao una seva yake, ile ya Abeni na Buttazzo ya mwaka 1998, ambayo hairuhusu kazi moja ijichukulie zaidi ya fungu lake. Ujumbe wetu unaisha, tena, kwenye milisekunde ya 18. Anayetumia Linux anazo zote mbili ndani ya kiini tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, na tangu 6.12 la mwaka 2024 kiini chenyewe kina marekebisho ya wakati halisi yaliyokuwa yakibebwa nje kwa miaka mingi. Kwa kidhibiti kidogo cha kisima sioni haja. Kwa mashine kubwa yenye kamera na mzigo unaobadilika, hapo inang'aa.

Basi kasi haituchagulii

Ukiondoa jedwali lisilolegezwa na ujumbe uliopewa cheo cha chini, njia zote zimemaliza ujumbe kwenye 18. Tena hata zile milisekunde 24 za jedwali lisilolegezwa, nani atazihisi? Ujumbe wenyewe wa simu umesafiri kwa sekunde kadhaa kabla ya kufika kisimani. Kwa hiyo mtu anayekuambia achana na jedwali kwa sababu linakwenda polepole anakupimia kitu usichokihitaji.

Swali langu mimi ni hili: mtu akiibadilisha programu baadaye, kosa litaonekana wapi? Chukua badiliko moja la kawaida kabisa. Fundi anaona vipimo vya umeme vinarukaruka, anaongeza kichujio, na Mota inatoka milisekunde 2 hadi 4.

Kwenye kipaumbele, Mota inakula 16 katika kila 40, Mwendo 10, Kisima 8. Jumla 34. Ujumbe usipokuja, kila kitu kinaenda vizuri, na fundi akipima mezani atapima hivyohivyo, bila ujumbe. Siku ujumbe ukija mfululizo, seva inachukua 12 zake. Mota, Mwendo na seva zinafanya 38. Kisima kinabakiwa na 2 kati ya 8 kinazohitaji. Pampu inaendelea kuvuta, mota iko salama, simu inajibiwa, na kipimo cha chumvi kimesimama. Kanuni ya kipindi kifupi imeweka chini kile ambacho kisima kilihitaji kuliko vyote, kwa sababu tu chumvi hubadilika polepole. Kipindi kirefu si umuhimu mdogo, na hili huwapita hata watu hodari. Steve Vestal aliliweka wazi mwaka 2007 alipopendekeza kila kazi iwe na kiwango cha umuhimu mbali na kipindi chake, na kwamba kazi nyeti zikadiriwe muda kwa ukali zaidi.

Kwenye muda wa mwisho, mzigo umefika asilimia 115 na ucheleweshaji unaambukizana. Leo anachelewa Kisima, baadaye kidogo Mota. Hujui nani, na kumtafuta ni kazi.

Kwenye jedwali, kipande cha pili sasa kina 4 na 8. Ni 12 ndani ya nafasi ya 10. Kazi zikichukua muda wake kamili, kinafurika katika mzunguko wa kwanza kabisa, ujumbe uwepo usiwepo, na kama umeweka saa ya kukagua mwisho wa kila kipande, taa nyekundu inawaka hapo mezani. Fundi anakihamishia Kisima kipande cha nne, kinafurika vilevile, analazimika kukikata au kupunguza kichujio. Amekasirika, lakini amekasirika akiwa dukani, si juu ya matuta ya Shela huku watu wanalalamika maji yamebadilika ladha.

Ni kweli kwamba aliyechagua kipaumbele angerudia hesabu baada ya kila badiliko angeliona kosa hilo mapema. Wangapi hurudia? Jedwali linakulazimisha urudie, kwa sababu bila kurudia haliendi.

Ninavyopendekeza

Kama kidhibiti chako kina kazi chache za lazima, vipindi unaviweka wewe, na atakayekirithi humjui, weka jedwali. Ndani ya ule muda wa wazi, ujumbe, kumbukumbu na kioo vipange kwa kipaumbele vyenyewe kwa vyenyewe. Ndege hutumia mpangilio wa jinsi hii katika kiwango kiitwacho ARINC 653: kila programu ina dirisha lake la muda ndani ya mzunguko uliopangwa mapema, na ndani ya dirisha kazi zake hugombea kwa vyeo. Kuhamisha nafasi kuongeze tu ukiwa na tukio la dharura lenye muda wa mwisho wa kweli, mfano swichi ya kusimamisha pampu kwa mkono. Kwa ujumbe wa simu peke yake usijisumbue.

Kama kazi ni nyingi, baadhi ndefu, na mna kikundi kinachoongeza mambo kila mwezi, chukua kipaumbele, ila umuhimu uuandike kando ya kipindi, seva uipe posho ndogo, na hesabu iwe sehemu ya ukaguzi wa kila badiliko. Katika mfano wetu posho ya milisekunde 3 kila 20 ingetosha: 16, 10, 6 na 8 ni 40 kamili. Ujumbe ungechelewa, chumvi ingeendelea kupimwa.

Jambo la mwisho ni kwa wanaotumia ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi, kwa kuwa wengi wenu mnayo. Ile ya kawaida ina koa mbili, yaani prosesa mbili ndani ya chipu moja, na ni kishawishi kuweka Wi-Fi na ujumbe kwenye moja, udhibiti kwenye nyingine, kisha kuona ratiba haihitajiki tena. Koa hizo zinashiriki kumbukumbu ya flashi. Programu ikiandika au kufuta flashi, koa zote mbili husimama isipokuwa kwa sehemu ya programu iliyowekwa ndani ya RAM, na kufuta sekta moja kunaweza kuchukua makumi ya milisekunde. Hakuna kipande kwenye jedwali letu chenye nafasi hiyo. Kikubwa kina 8. Kwa hiyo vipimo vya mchana viweke kwenye kadi ya nje, au vikusanye kwenye RAM na uviandike kwenye flashi usiku, pampu ya sola ikiwa imesimama.